Inauma lini? Kuunguza neva za kiungo kwa mgonjwa wa saratani
(Mhadhara kwa wahudumu wa wagonjwa majumbani na ndugu wa wagonjwa, Tanga)

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wengine, hamjambo? Naona waliotoka Pangani na Muheza wamefika kabla yetu sisi wa Chumbageni, kwa hiyo tusiwacheleweshe.

Nimeombwa nizungumzie maumivu ya viungo kwa mgonjwa wa saratani aliye kwenye tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mateso. Nitang'ang'ania jambo moja tu. Tumezoea kumuuliza mgonjwa, "Inauma kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi?" Ni swali zuri, ila peke yake linatupoteza. Muulizeni pia: inauma lini?

Chukulia bibi wa Ngamiani ambaye saratani ya titi imeshahamia kwenye mfupa wa nyonga. "Shikamoo bibi, umeamkaje?" "Marahaba mwanangu, sijambo." Na kweli hajambo, maana amelala chali na mofini ya alfajiri imeshamkolea. Unaandika kwenye daftari: maumivu, mbili. Unapanda baiskeli yako, huyo. Nusu saa baadaye binti yake anamgeuza ili abadilishe shuka, na ukelele unasikika mpaka barabara ya pili. Daftari lako halikusema uongo, lakini halina habari hiyo.

Maumivu haya yanayokuja na mwendo, mofini huyaweza kwa shida. Ukipandisha dozi mpaka ifike kimo cha kugeuzwa, bibi akitulia dozi ileile inamzidi: anasinzia mchana kutwa, anafunga choo, wajukuu wakija hana habari nao. Mnielewe, sina ugomvi na mofini. Iko juu kwenye ngazi ya dawa za maumivu ya saratani ya Shirika la Afya Duniani tangu 1986, na inaniudhi kuona familia inayoiogopa ile chupa kuliko saratani yenyewe. Lakini kwa nyonga ya bibi huyu kuna la kuongeza: kuziunguza neva zinazopeleka maumivu.

Maumivu ya kiungo yanapelekwa kwenye ubongo na vijitawi vya neva, yaani mishipa ya fahamu. Vya nyonga vinatoka hasa kwenye neva ya paja na neva ya obtureta; goti lina vyake vinavyolizunguka, na bega linategemea zaidi neva inayopita juu ya bapa la bega. Vile vya nyonga na goti tunavyovilenga kazi yake kubwa ni kupeleka hisia. Shina linaloendesha misuli tunaliacha. Ndiyo maana mtu anaweza kuondolewa maumivu na mguu ukaendelea kunyanyuka.

Kwanza hufanywa jaribio. Daktari anachoma ganzi ya kawaida, lidokeini, karibu na vijitawi hivyo, halafu tunamgeuza mgonjwa, tunamkalisha, tunamuuliza. Kama hakuna nafuu, tumelenga pasipo, au maumivu yanatoka kwingine. Hakuna haja ya kuunguza. Nafuu ikionekana, inarudi sindano nyembamba ambayo ncha yake peke yake ndiyo iliyo wazi, ikiongozwa kwa eksirei au ultrasaundi. Mashine ya mawimbi ya redio inaipasha ncha hiyo mpaka kama nyuzi 80 za Selsiasi, kwa sekunde 60 hadi 90 hivi kila mahali. Mara nyingi mgonjwa yuko macho, ngozi tu ndiyo imetiwa ganzi.

Kwenye goti, njia hii ilipata jina kwa watu waliosagika goti bila saratani yoyote. Utafiti wa Korea Kusini wa 2011 ndio unaotajwa sana. Kwa wagonjwa wa saratani tunachonacho zaidi ni ripoti za mgonjwa mmoja mmoja au kikundi kidogo. Mimi naziamini kiasi cha kumpeleka mgonjwa, si kiasi cha kumwahidi.

Pasipo na mashine, baadhi ya madaktari hutumia fenoli au alkoholi, dawa za maji, kuua vijitawi vilevile. Ni rahisi kwa gharama, ila maji hayana adabu, yanakwenda yanakotaka. Yakiifikia neva kubwa ya paja, mguu unalegea. Hiyo ni kazi ya mkono uliozoea.

Kuunguza neva hakuui uvimbe wala hakushikilii mfupa. Mfupa ulioliwa ukakaribia kuvunjika unahitaji picha na daktari wa mifupa kabla hujamwambia mtu asimame, kwa sababu mlinzi wake, yale maumivu, umeshamwondoa. Mionzi nayo ina nafasi yake, hata dozi moja ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi) husaidia maumivu ya mfupa, lakini kwa wengi wetu hapa ni safari ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na nafuu yake huchukua siku au wiki kuja. Tena kwa kuunguza neva msingoje wiki ya mwisho. Mgonjwa inabidi abebwe, alale juu ya meza, atulie.

Neva huota tena. Nafuu ikishika, kwa kawaida ni ya miezi, si ya milele.

Mama pale nyuma ameuliza: mofini je, tunaitupa? Hapana mama, wala msiikate ghafla. Bibi ana maumivu mengine pengine mgongoni, na mwili wake umeshaizoea. Ila maumivu makali yalikuwa yanapigana na usingizi wa dawa. Yakiondoka, dozi ya jana inaweza kuwa kubwa leo. Daktari ataipunguza kidogo kidogo. Ninyi mlio nyumbani mtazameni hasa siku mbili za mwanzo: akiwa mgumu kuamka, au anapumua polepole kuliko kawaida, msimpe dozi inayofuata kabla hamjatupigia simu.