Njia ya Kwenda Kazini Nayo Imo Kwenye Mkataba

Asante, Mwenyekiti. Nimeombwa nizungumzie jinsi wageni wanaofanya kazi China wanavyofika kazini kila siku. Sehemu kubwa ya muda wangu itaishia kwenye skuta ya umeme, na walionisikia mwaka jana wanalijua hilo. Naona mmoja ameshaanza kucheka pale nyuma. Cheka tu, lakini sikiliza.

Kule Yiwu, mji wa soko la jumla mkoani Zhejiang ambako ndugu zetu wengi ni mawakala wa mizigo, unalala mtaa huu, soko liko mtaa ule, na ghala la kupakia kontena liko nje ya mji kabisa. Kwa hiyo wiki ya kwanza tu mgeni anaambiwa na wenyeji wake: nunua skuta. Haina kelele, unaichaji usiku, dukani hawakuulizi kitu zaidi ya hela. Analipa, anapanda, anaondoka. Mchezo umekwisha.

Sasa ngojeni. Kiwango cha taifa kilichoanza kutumika Aprili 2019 kilisema baiskeli ya umeme ni ile yenye pedeli, isiyozidi kilomita 25 kwa saa, isiyozidi kilo 55 na betri yake, na mota isiyozidi wati 400. Kiwango kipya kimeanza Septemba 2025. Mambo ya uzito na pedeli yamelegezwa kidogo, ile 25 haikuguswa. Ukivuka hapo, kisheria umepanda pikipiki: unadaiwa leseni ya pikipiki, namba ya pikipiki na bima. Leseni ya gari haikusaidii. Na ile leseni ya kimataifa mnayoikimbilia kabla ya safari, China bara haiitambui. Iacheni nyumbani, itawapunguzia mzigo.

Mtaniambia, "Lakini kaka, Wachina wenyewe wote wanazipanda, na askari wanawaangalia." Kweli wanawaangalia. Askari anaweza kukuangalia mwaka mzima ukipita na asiseme neno. Shida haianzii kwa askari, inaanza siku unayogonga mtu.

Kijana mmoja wa kwetu, simtaji, alikuwa anawahi ghalani asubuhi, kontena linamsubiri. Kwenye makutano akagongana na mama mmoja mwenye baiskeli. Mama akavunjika mkono, kijana akaumia goti. Akaona si kitu: tutapatana, nitalipa hospitali, yaishe. Polisi wakaichukua skuta wakaipeleka kupimwa. Ikaonekana inapita 40 kwa saa. Basi, kuanzia dakika ile hakuwa tena mwenda kwa baiskeli aliyepata bahati mbaya, alikuwa dereva wa chombo cha moto asiye na leseni wala bima. Sheria ya barabarani ya China inampa mtu wa namna hiyo faini ya yuan 200 hadi 2,000, na polisi wakitaka wanaweza kumweka ndani hadi siku 15. Bima ya ajali aliyojikatia mwenyewe ikamwambia soma masharti: asiye na leseni halipwi. Mkono wa mama, goti lake mwenyewe, vyote mfukoni kwake.

Na hapa ndipo ninapotaka mkae vizuri, maana hili hamtaambiwa na wakala yeyote wa viza. Kanuni za China za bima ya ajali kazini, zilivyorekebishwa na kuanza kutumika Januari 2011, zinasema hivi: mfanyakazi akiumia kwa ajali ya barabarani akiwa njiani kwenda au kutoka kazini, na kosa kubwa si lake, anahesabiwa ameumia kazini. Ajali ya treni ya mjini au ya kivuko, vilevile. Tangu Oktoba 2011 mgeni aliyeajiriwa kihalali anatakiwa aingizwe kwenye bima za jamii kama Mchina. Mwaka 2014 mahakama yao ya juu ikafafanua njia ya kwenda kazini ni ipi, na ufafanuzi wake ni mpana: hata ukikata kona ya kawaida kupitia sokoni kununua mboga, bado uko njiani kutoka kazini!

Kwa hiyo mwajiri ana deni na wewe tangu unapofunga mlango wa chumba chako. Yule kijana hakupata hata senti. Kosa kubwa lilikuwa lake, na hata lisingekuwa lake, alikuwa na viza ya biashara, hana kibali cha kazi, hana mkataba. Kwenye vitabu vya China hakuwa na kazi ya kwenda asubuhi ile.

"Mimi mwajiri wangu ananipa posho ya usafiri." Vizuri, ipokee. Posho ni nauli. Muulize kama jina lako limo kwenye bima ya ajali kazini, na akuonyeshe.

Kwa wale watakaopanda hata hivyo, maana nawajua: mkoa wa Zhejiang umelazimisha kofia tangu Julai 2020. Mambo ya mshikaki yaacheni Mbagala. Njia ya baiskeli mwisho ni kilomita 15 kwa saa, hata kama chombo kinafika 25. Na betri msipande nayo chumbani. Nanjing, Februari 2024, watu 15 walikufa ghorofani kwa moto ulioanzia chini, zilipowekwa baiskeli za umeme.

Dakika zimekwisha, naona. Guangzhou, haraka haraka: pikipiki zilipigwa marufuku mjini tangu 2007, na metro inawatosha. Mitaa wanakojaa Waafrika, Xiaobei iko laini ya 5, Sanyuanli laini ya 2, nauli inaanzia yuan 2. Begi linapita kwenye mashine ya ukaguzi kila mara, hata ukiwa umechelewa, kwa hiyo usibishane na yule dada wa ukaguzi, toka nyumbani mapema. Didi, ile programu ya simu ya kuita teksi, ina Kiingereza. Gari binafsi Beijing namba zake ni za bahati nasibu tangu 2011, sahauni. Mabosi wenye dereva wa kampuni kule Shunyi, wilaya ya Beijing, hawamo humu ndani. Ukihamia karibu na kazi, nenda polisi ndani ya saa 24 ukaandikishe anwani mpya.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Aliye na mkataba wake hapa aje nao mbele wakati wa chai, tutafute kwa pamoja hicho kifungu cha bima.