Ngozi ya Fuwele: Mhadhara wa Jioni, Mlimani, Dar es Salaam

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Naomba mzime taa za mbele. Tochi hii ni ya kukagulia noti. Wenye maduka Kariakoo mnaijua. Nakimulika kichupa. Mmeiona kijani hiyo? Humo mna fuwele za sesiamu, risasi na bromini, ndogo mno: zipange kama laki moja kwa mstari ndipo upate milimita moja. Atomi zake zimejipanga kama katika perovskaiti, madini ya milima ya Ural ambayo Gustav Rose aliyaeleza mwaka 1839. Mwaka 2015 kikundi cha Maksym Kovalenko, Zürich, kilionyesha jinsi ya kuzitengeneza ziwake karibu kila rangi. Rangi haisumbui: tia kloridi, kijani inaelekea bluu, tia iodidi, inaelekea nyekundu, papo hapo, bila kuchemsha.

Kinachotunyima usingizi ni ngozi yake.

Fuwele inapozaliwa huvikwa molekuli ndefu, asidi ya oleiki na oleilamini, zenye mikia ya kaboni 18. Bila hizo fuwele zingegandana. Lakini hazitulii. Ni kama abiria wa daladala ya Gongo la Mboto: huyu anashuka, yule anapanda, na kiti kikiwa wazi bromidi, yaani bromini yenye chaji hasi, nayo inachomoka. Hapo panabaki pengo linaloweza kunasa elektroni, na nishati ambayo ingekuwa mwanga inaishia kuwa joto.

Jambo hili limeniumiza. Kabla ya kutengeneza taa au skrini kwa fuwele hizi lazima uzioshe, uondoe mafuta yaliyozidi. Nilipoosha mara ya tatu kwa asetoni, kazi ya wiki nzima ilizimika nikiitazama, ikatuama chini kama unga wa manjano. Na usipoosha, mikia ile inazuia umeme, taa haiwaki.

Kwa hiyo tunabadilisha ngozi yenyewe. Ipo chumvi ya amoniamu yenye mikia miwili ya kaboni 12, inayokuja na bromidi yake: pengo linazibwa, umeme unapita kwa urahisi zaidi. Nyingine, zilizoelezwa mwaka 2018, ni molekuli zenye chaji chanya na hasi katika mwili mmoja. Huyo ni abiria aliyeshika bomba kwa mikono miwili. Dereva akifunga breki, habanduki. Kura yangu iko huko.

Kuhusu risasi, ile metali yenye sumu iliyomo ndani ya fuwele, niseme wazi: ngozi imara haiifuti. Anayetengeneza skrini ajue mapema itapelekwa wapi ikiharibika, maana vijana wetu wanaookota vyuma chakavu hawastahili kuachiwa sumu hiyo.

Maji ndiyo adui mkubwa, na masika yetu ndiyo mtihani wenyewe. Vioo hivi viwili nilivipaka siku moja, nikaviacha dirishani Aprili nzima. Cha kushoto, chenye ngozi ya oleiki, kimezima. Cha kulia, hiki cha mikono miwili, mulikeni wenyewe. Mpokezane vikiwa ndani ya mifuko yake, msiifungue, na tochi ifuate nyuma.