Kuurudishia Uhai Udongo Uliodhuriwa na Dawa ya Magugu

Karibu, mtazamaji. Iwapo dawa ya magugu iliyopigwa msimu uliopita ingali udongoni, miche huota ikiwa na majani ya njano au yaliyojikunja. Dawa nyingi za aina hii huvunjwavunjwa na bakteria na kuvu, kwa hiyo tutawalisha viumbe hao kwa machicha, yaani mabaki ya nafaka baada ya pombe kuchujwa.

Kwanza pima udongo, wala usiiruke hatua hii, kwa kuwa umanjano waweza pia kuletwa na upungufu wa naitrojeni. Chota udongo wa juu, hadi kina cha sentimita 15, kutoka sehemu kadhaa za shamba, uuchanganye na kuujaza kopo. Kopo la pili lijaze udongo usiowahi kupigwa dawa. Panda maharagwe na mahindi katika yote mawili, maana dawa nyingine hudhuru mimea ya majani mapana na nyingine jamii ya nyasi, kisha linganisha baada ya wiki tatu.

Sasa changanya ndoo moja ya machicha na ndoo mbili za majani makavu yaliyokatwakatwa. Machicha peke yake huoza upesi na kuvunda. Fumbata mchanganyiko kama ninavyofanya hapa: ukishikamana bila kuchuruzika maji, unyevu umetosha. Ushindilie ndani ya pipa, funika hewa isipenye, uache wiki mbili uchachuke. Ukifungua, harufu ya uchachu na utando mweupe ni dalili njema, lakini uvundo au ukungu mweusi unamaanisha mchanganyiko huo usiingie shambani.

Nasisitiza mambo mawili. Usitumie mabua wala samadi inayotokana na malisho yaliyopigwa dawa za magugu ziitwazo klopiralidi au aminopiralidi, kwani sumu hizo hustahimili hata ndani ya mboji. Maji ya achari nayo usiyatie katika mchanganyiko, kwa sababu chumvi yake huharibu udongo.

Tandaza mchanganyiko kwa unene wa sentimita 2, uuchanganye na sentimita 10 za juu za udongo, ufunike kwa matandazo na kuuweka na unyevunyevu. Usipande kabla ya wiki mbili, kwa maana uchachu huunguza mizizi. Kisha rudia kipimo cha makopo; maharagwe yakiendelea kujikunja, ongeza machicha yaliyochachushwa na uipumzishe sehemu hiyo msimu mzima, kwa kuwa dawa nyingine huchukua muda mrefu kuisha.