Doa Kwenye Kanzu

Assalamu alaykum, wazee wangu na ndugu zangu wa Unguja na Pemba.

Chukueni kanzu nyeupe iliyodondokewa na maji ya zambarau. Katikati pamekoza, kila mtu anapaona. Lakini rangi haikukomea hapo. Imetambaa na nyuzi za kitambaa, ikafifia mpaka jicho likashindwa kusema imeishia wapi. Glioblastoma, saratani kali ya ubongo, hutambaa vivyo hivyo. Chembe zake hufuata nyuzi za ubongo, na kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, hutuonesha pale palipokoza tu.

Sasa mionzi ipigwe wapi? Kwa kawaida daktari huchora uvimbe unaoonekana, kisha huuongezea ukingo wa kama sentimita 2 kila upande. Dozi ni grei 60 (grei ni kipimo cha mionzi), hugawanywa mara 30 kwa wiki 6, Jumatatu hadi Ijumaa. Mgonjwa wa Wete avuke bahari mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akae huko muda wote huo, na kila siku avikwe barakoa ya plastiki inayobanwa mezani kichwa kisitikisike. Barakoa hiyo inatisha, jamani. Mwelezeni mgonjwa mapema.

Ule ukingo ndio unaoniuma. Ni mmoja kwa wote, na doa la huyu si doa la yule. Huku unaunguza ubongo usio na ugonjwa, penye maneno na kumbukumbu za mtu. Kule unaziacha chembe zilizokwisha kutoroka. Ndipo watafiti wanapoipa akili mnemba picha za mgonjwa, za MRI na pengine za PET (zinazoonesha chembe zinavyofanya kazi), pamoja na hesabu za namna uvimbe unavyokua, nayo ikakadiria chembe zimefika wapi kwake yeye. Mionzi ifuate umbo hilo. Kazi hii ingali kwenye utafiti, na kila mchoro lazima upite mbele ya macho ya daktari.

Ila mashine hujua ilichofunzwa. Mashindano ya BraTS, ya kuzifunza kompyuta kuchora uvimbe wa ubongo, yalianza 2012. Sehemu ya picha za Afrika ilikuja 2023. Miaka 11! Na mashine nyingi za MRI barani kwetu zina sumaku dhaifu, picha zake hazina ukali wa zile za Ulaya. Programu iliyozoea za huko huweza kukosea kwa mtu wetu.

Kwa hiyo picha za mgonjwa wenu, ziwe filamu au sidii, zitunzeni. Daktari atazilinganisha na za baadaye. Na mkiombwa ridhaa zitumike kwenye utafiti, ulizeni kwanza: jina linafutwaje, na nani atazishika?