Lori Hili Litakuwa Nyumba Yetu, Ila Kwanza Twende Mizani

Haya, karibuni tena wapendwa. Mkisikia sauti ina mwangwi msishangae, tumetoa makochi yote sebuleni. Ngoja nigeuze kamera muone sakafu. Mnauona huu utepe wa bluu, ule wa mafundi rangi? Mita 3.78 kwenda kule, mita 2.18 kuja huku. Hiyo ndiyo nyumba yetu. Baba, mama, watoto wawili, nguo, vyombo, jiko, choo, vyote viingie ndani ya huu mstatili, halafu mstatili wenyewe ukae mgongoni mwa lori.

Najua wengi mlitarajia leo kuona cheche za mashine ya kuchomelea. Lori lipo, limeegeshwa uani tangu majira ya baridi, sasa fundi anangoja nini? Fundi ni mimi, na nimeshachora ramani nne. Tatu nimezitupa. Kisa? Nilianza na mapazia.

Kweli kabisa, mapazia. Mama watoto alishachagua rangi, mimi nilishaona kichwani kitanda chini ya dirisha kubwa, asubuhi mnaamka mnaangalia ziwa. Nikachora ndani kwanza, nikidhani huko chini kutajipanga kwenyewe. Hakujipangi. Lori lina masharti yake, na usipoyasikiliza kwenye karatasi utayasikia barabarani, sanduku la kuishi, hiyo nyumba yetu ya mgongoni, likianza kulia kwenye pembe.

Twende uani nikuonyesheni. Hii video niliichukua Jumamosi. Gurudumu la mbele la kushoto nimelipandisha juu ya mbao, kama sentimita 30 hivi, ni sawa tu na kukanyaga jiwe au ukingo wa mtaro. Sasa nimelaza simu juu ya chasisi, hapa mbele, ile programu ya pima maji inasoma digrii 5. Nakuja nyuma, simu ile ile, chasisi ile ile: digrii 2. Mmeelewa kilichotokea? Vile vyuma viwili virefu vinavyokwenda mbele mpaka nyuma vimejipinda, kama unavyokamua kitambaa. Wala si ubovu. Chasisi ya lori imetengenezwa ijipinde ili magurudumu yote yabaki chini.

Sasa sanduku la kuishi halijipindi. Kuta, sakafu na paa vimegandishwa kwa gundi, ni kama kiberiti kilichofungwa. Ukilifunga moja kwa moja kwenye chasisi kwa bolti, kila jiwe unalokanyaga linavuta kona zake. Mwaka wa kwanza utaona ufa mwembamba juu ya mlango. Wa pili maji yanaingia. Povu lililo katikati ya kuta likishalowa, umekwisha.

Kwa hiyo kati ya chasisi na sanduku inawekwa fremu ya pili, na fremu hiyo ndiyo inayoachia. Njia ziko kadhaa. Kuna ya pointi tatu: nyuma unafunga sehemu mbili, mbele unaweka egemeo moja la katikati linalozunguka. Kuna ya pointi nne zilizokaa kama almasi, moja mbele, moja nyuma, mbili ubavuni. Nilizipenda hizo sana, zinavutia kuziangalia, lakini zinabana uzito wote kwenye sehemu chache na zinainua sanduku. Nimeamua kutumia springi. Fremu ya pili inalala juu ya chasisi urefu wake wote, nyuma imefungwa imara, na kadiri unavyokwenda mbele inashikwa na bolti ndefu zenye springi ngumu. Chasisi ikijipinda, fremu inainuka upande mmoja sentimita kadhaa, springi zinabanwa, halafu inarudi chini. Uzito umesambaa, na sanduku limekaa chini.

Jambo moja kwa wale wenye mashine ya kuchomelea nyumbani, maana nawajua. Usichomelee kwenye chasisi ya lori. Wala usitoboe ile midomo ya juu na ya chini ya chuma chake, hapo ndipo nguvu zote zinapopita. Watengenezaji wa malori wana kitabu kabisa cha wajenzi wa bodi, kinaonyesha ni matundu yapi yapo na mapya yanaruhusiwa wapi. Kitafute cha lori lako kabla hujashika drili. Mimi nimekisoma mara mbili, na sikukifurahia hata mara moja.

Haya, sasa uzito. Hapa ndipo ramani ya pili na ya tatu zilipofia.

Lori letu linaruhusiwa kilo 7,500 likiwa na kila kitu, na mimi nina leseni ya C1, ambayo huku Ulaya ndipo inapoishia. Hakuna kusema "nitaongeza kidogo". Nililipeleka mizani likiwa tupu, mimi ndani, dizeli nusu tangi: kilo 3,860. Zinabaki 3,640. Nikarudi nyumbani nimefurahi, nikaona hizo ni nyingi mno, tutabeba mpaka piano.

Nikaanza kujumlisha. Sanduku lenyewe na madirisha na mlango, kama kilo 1,050. Fremu ya pili, 320. Fanicha, jiko na friji, 600. Sisi wanne na nguo zetu na vyombo, 550. Maji lita 300, na lita moja ya maji ni kilo moja, hilo halina mjadala, ukiongeza na tangi ni 320. Betri na sola, 160. Tangi la pili la dizeli, 150. Tairi la akiba na kibebeo chake, 130. Nikafika 3,280. Zimebaki 360, na hapo baiskeli za watoto bado ziko nje.

Na jumla haitoshi, maana kila ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, ina kikomo chake. Kwenye ramani ya pili niliweka pikipiki nyuma kabisa, nje ya sanduku. Pikipiki na kibebeo ni kilo 120, nikasema ni kitu gani hicho? Nikapiga hesabu. Kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 3.6. Pikipiki inaning'inia mita 2.1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisha 120 kwa 2.1, gawanya kwa 3.6, unapata 70. Maana yake, pikipiki ya kilo 120 inaongeza kilo 190 kwenye ekseli ya nyuma, na inanyanyua kilo 70 kutoka mbele. Ni bembea ile ya watoto. Umeelemea nyuma, mbele usukani umekuwa mwepesi, halafu unakutana na kona yenye utelezi na familia yako ndani. Pikipiki nimeifuta, na sijainung'unikia.

Ndio maana maji sasa yamehamia kati ya ekseli mbili, chini kabisa, ndani ya sakafu iliyokingwa na baridi. Betri zipo hapo jirani. Juu zinabaki nguo na magodoro. Na angalieni kushoto na kulia pia! Ramani ya tatu jiko, friji na tangi vilikuwa vyote upande mmoja, lori lingetembea limeinama kama mtu aliyebeba ndoo moja.

Turudi sebuleni. Ramani ya nne ndiyo hii mnayoiona, na imejaribiwa na watu wagumu kuliko mizani. Maboksi haya ni jiko. Hili la televisheni ni choo. Jana tumeishi humu siku nzima. Nilipokuwa "napika", mkubwa alitaka kupita kwenda chooni, mdogo alitaka kutoka nje, mama yao alikuwa anavaa. Watu wanne, kiujia cha sentimita 55. Nikasukumwa kwenye boksi, jiko likaanguka. Tukahamisha mlango. Kitu kama hicho huwezi kukiona kwenye kompyuta, hata programu iwe nzuri namna gani.

Vitanda vya watoto ni vya ghorofa, vimelala kukatiza nyuma kabisa, kila kimoja na dirisha dogo na taa yake. Huyu mkubwa ataendelea kurefuka, kwa hiyo urefu wa kitanda nimempimia baba yake. Kitanda chetu kinashuka kutoka darini juu ya meza, mchana kinarudi juu. Chini ya kila godoro kutakuwa na chaga zenye nafasi, hewa ipite. Watu wanne wakilala kwenye kisanduku kilichofungwa, mvuke wa pumzi na jasho peke yake unakaribia lita moja ya maji kwa usiku, na huo mvuke unatafuta palipo na baridi ili ugeuke matone. Palipo na baridi ni chini ya godoro, na popote chuma kinapotoboa ukuta kutoka nje hadi ndani. Kuta zetu ni paneli za faiba nje na ndani, povu gumu katikati, jumla milimita 60, na nimekataa bolti yoyote inayopenya ukuta mzima. Feni ya paa nayo ipo, na itafanya kazi hata wakati wa baridi.

Viti vya safarini havikutupa shida, kwa sababu lori lina kichwa cha milango minne. Watoto wanakaa mbele nasi, wanaangalia mbele, kila mmoja na mkanda wake wa kiwandani. Najua wapo wanaoweka viti ndani ya sanduku. Inawezekana, lakini mkanda unatakiwa ushikwe na chuma kinachofika kwenye fremu, usishikwe na ukuta wa faiba na skrubu.

Kuna aliyeniambia nitoboe tundu watoto wapite kutoka kichwani hadi nyuma. Wazo tamu. Ila kichwa cha lori hili kinainamishwa mbele ili ufikie injini, na kikiwa njiani kinatikisika kivyake, sanduku kivyake. Lingehitajika bomba la mpira lenye mikunjo, la kufungua kila ukitaka kuangalia oili. Nimesema hapana. Ndio sababu hiyo hiyo sina kitanda cha juu kinachotokeza mbele. Kichwa kikiinuka kingekigonga, nimejaribu kuuchora ule mzingo wake kwa kamba na chaki.

Umeme nitaufanyia video yake, ila mjue mapema: malori mengi yana umeme wa volti 24, na vifaa vingi vya kempa, yaani magari ya kuishi, ni vya volti 12, kwa hiyo kuna kifaa cha kushusha katikati. Betri ni za lithiamu, zile za chuma na fosfati. Usizichaji zikiwa chini ya nyuzi sifuri, zinaharibika kimya kimya. Nazo nimezipeleka ndani kwenye joto, zinaishi vizuri kuliko sisi.

Wiki ijayo fremu ya pili inakatwa, na nitaonyesha jinsi ya kupanga springi. Kwa sasa nizime kamera. Watoto wamekataa kulala chumbani, wanataka kulala ndani ya utepe, na mdogo ananidai godoro la kitanda cha juu, kwenye nyumba ambayo bado haina juu.