Bibi Yangu Alikuwa Fundi

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh zangu, mama zangu, ndugu zangu wa Mkomani na Langoni hapa Lamu, mji wetu wa Amu, nanyi mliovuka kwa mashua kutoka Siyu na Faza, ahsanteni kwa kuitika wito. Nimeombwa nizungumze habari za bibi yangu mzaa mama, ambaye Mwenyezi Mungu amemchukua. Mola amrehemu na amlaze mahali pema.

Siku ya hitima yake, kila aliyekuja kutupa pole alimsifu kwa jambo moja: bibi yenu alikuwa mwanamke wa subira. Wamesema kweli, na Mungu awalipe kheri. Lakini mimi niliyelelewa naye naona sifa hiyo imemfunika. Karibu bibi zetu wote hapa Amu tunawazika kwa sifa ya subira, tukasahau kwamba mikononi walikuwa na ujuzi, walijua bei, walijua hesabu, na nyumba zilisimama kwa hayo. Bibi yangu alikuwa fundi wa kofia. Hilo ndilo nililokuja kulisema.

Wazee mliopo mtakumbuka enzi za boriti. Babu alikuwa baharia wa jahazi. Mikoko ikikatwa, ikipakiwa, jahazi lilingoja kusi ivume, likapanda nayo hadi Arabuni, ambako nyumba ziliezekwa kwa boriti za huku kwetu. Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi. Msitu ulihitaji kupumua, na hilo sibishani nalo. Lakini babu alibaki barazani na fedha ya jahazi ikakatika. Kuanzia hapo nyumba yetu yote, wakubwa kwa wadogo, ililishwa na sindano.

Kwa wageni wetu wasioijua, kofia ya vito ni vipande viwili: duara la juu, na ukanda unaozunguka kichwa. Mchoraji huchora nakshi kwa kalamu juu ya kitambaa cheupe cha pamba, kisha hapo ndipo kazi ya bibi ilipoanzia. Alifuata mistari kwa mishono midogo mno, halafu akatoboa vitundu kimoja kimoja, na kila kitundu akakizungushia uzi mpaka mdomo wake ukakaza. Vitundu hivyo ndivyo vinavyopitisha upepo kichwani, na kila anayelijua jua la hapa anajua thamani yake. Kofia moja yenye nakshi nzito huchukua miezi.

Alikaa mkekani karibu na kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, palipo na mwanga, mguu mmoja ameunyosha. Uzi alipouvuta aliusikiliza. Ukikwaruza, alijua umejikunja upande wa chini, akafumua. Nimemwona akifumua kazi ya tangu asubuhi kwa sababu vitundu vichache vimepanda juu ya mstari kwa unene wa uzi, jambo ambalo hakuna mnunuzi angeliliona. Nikimuuliza kwa nini, hunijibu kwa kunionyesha tena, kidole juu ya kitundu, mpaka nami nione. Uzeeni alikuwa akiniita: "Ndoo unitungie uzi, mato yamechoka," yaani njoo, macho yamechoka. Nikimtungia sindano zake, nikizichomeka kwenye mto mdogo wa nguo, ndipo niende shule. Kofia ikiisha hufuliwa, ikatiwa wanga, ikavikwa faroma, umbo la kichwa la kukaushia kofia, mpaka ikauke na kusimama.

Sasa nije kwenye biashara, maana hapa ndipo watu wasipomjua. Maagizo yalikuwa yakizidi kabla ya Idi na kabla ya Mfungo Sita. Nani anataka kuingia Maulidi ya Riyadha na kofia kuukuu? Wachuuzi wa kupeleka kofia Mombasa na Unguja walilijua hilo. Basi walikuja katika miezi ya ukata, isiyo na sherehe, wakitaka kuzichukua kwa bei ya kutupa. Bibi hakuwauzia. Alizifungia sandukuni, akaamka usiku kukuna nazi na kukanda unga, na sisi wajukuu tukapita mitaani alfajiri na sinia za mahamri vichwani. Nyumba ikala mahamri hayo mpaka bei iliporudi. Waliotazama kwa mbali waliona mwanamke anavumilia shida. Mimi niliyekuwa chini ya sinia nasema alikuwa anangoja soko, na alijua kwa hakika soko litafika lini.

Upatu wa mtaa aliushika yeye. Karo ya mama yangu ilitoka humo, na yangu pia.

Baada ya hitima tulifungua sanduku lake. Chini ya kanga na ubani tukakuta madaftari, yale ya watoto wa shule, yameandikwa Kiswahili kwa khati za Kiarabu, ukurasa baada ya ukurasa: jina la mwenye kofia, kipimo cha kichwa chake, arbuni aliyotoa, deni lililobaki. Aliyemaliza kulipa amepigiwa mstari. Aliyefariki kabla ya kulipa ameandikiwa dua na deni limesamehewa. Mama zangu, mwanamke huyu kila makarani walipopita kuandikisha watu alihesabiwa hajui kusoma. Alihitimu Qurani chuoni angali msichana, akaandika mpaka mkono ulipokataa. Asizozijua ni herufi za Kizungu tu.

Wala khati hizo si ngeni kwa wanawake wa visiwa hivi. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, aliugua, na mwaka 1858 akatunga utendi wa kumuusia binti yake. Ulihifadhiwa kwa khati hizo hizo, na leo unasomwa katika vyuo vikuu. Daftari la arbuni halina vina wala mizani, najua. Lakini mtu akitaka kuandika historia ya namna nyumba za Amu zilivyoishi baada ya boriti kufungwa, ushahidi umo humo, kwa mkono wa aliyezilisha.

Juu ya ibada yake sitasema mengi, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda isemwe. Nitasema niliyoyaona. Adhana ikilia, aliichomeka sindano palepale, hata kama kitundu kiko nusu. Akaenda kwenye birika, lile hodhi la maji la nyumbani, akatazama kwanza kama vile visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu viko salama, kisha akachota maji kwa kata na kutawadha taratibu, bila kumwaga ovyo. Uradi wake wa baada ya alasiri aliusoma huku anashona. Kofia nyingi zilizoswaliwa katika misikiti ya mji huu zimesomewa namna hiyo kabla ya kufika kichwani, na waliozivaa hawakujua.

Mwaka 2001 UNESCO iliuandika mji wetu katika urithi wa dunia. Nyumba za mawe zimepimwa, milango ya nakshi imepigwa picha, zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zimeandikwa vitabuni. Nashukuru kwa hayo yote. Lakini kofia, ambayo kila mwanamume wa humu ukumbini ameivaa sasa hivi, inaachwa kwenye meza ya zawadi za watalii bila jina la aliyeishona. Na siku hizi kofia za mashine zimejaa madukani. Ni rahisi, kijana asiye na fedha ananunua, simlaumu. Ninachokiogopa ni kwamba wasichana wanaona kazi hii hailipi, na hailipi kweli ikiwa mshonaji anamwuzia mchuuzi wa kwanza aliyebisha hodi. Bibi alijua namna ya kuifanya ilipe. Ujuzi huo wa pili ndio unaopotea upesi zaidi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuita ujuzi.

Basi ombi langu ni dogo. Mwenye madaftari ya namna hii nyumbani asiyafungie bajia wala asiyachome. Tuyalete hapa ngomeni yapigwe picha, kisha kila mtu arudi na lake. Na mwenye bibi aliye hai amwulize, na aandike majibu: nani alimfundisha, nani alimchorea, aliuza kwa bei gani, alikataa bei gani.

Mimi nimezungumza, lakini kushona sijui. Kutunga uzi ndiko kulikoishia ufundi wangu. Huyu mama aliyekaa mbele, mwenye kanga ya kijani, alijifunza kwa bibi tangu yuko mdogo, na amekuja na kitambaa, sindano na faroma ya bibi yenyewe. Wasichana, sogeeni mbele mkae mkekani. Mama, karibu, uwaonyeshe kitundu cha kwanza.