Prosesa Mpya, Kompyuta Kimya: Namna ya Kuichunguza Mashine Iliyogoma Kuwaka

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, nanyi wanafunzi mnaojiandaa kuingia katika kazi hii,

Nimeombwa nizungumzie tatizo moja, nami nitabaki humo humo: kompyuta ya mezani iliyokuwa ikifanya kazi vizuri, ikabadilishwa prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu za mashine, ili iongezewe kasi, kisha ikakataa kuwaka. Tatizo hili lina nafuu moja ambayo mengine hayana, nayo ni kwamba kilichobadilika kinajulikana. Kompyuta iliyojifia yenyewe usiku hutulazimisha kushuku kila kitu, tangu saplai ya umeme hadi diski, lakini hii ilikuwa nzima mpaka tulipofungua kasha. Kwa hiyo maswali ya kuanzia ni mawili. Je, ubao mama, yaani bodi kuu inayobeba vipuri, unaitambua prosesa hii? Na je, mikono yetu ilipokuwa ndani ilisogeza au ilisahau nini? Mafundi wengi huanza na swali la tatu, yaani kama prosesa yenyewe ni mbovu, ilhali prosesa ni miongoni mwa vipuri vinavyoharibika kwa nadra kabisa katika mashine nzima.

Nichukue mfano ulio karibu nasi. Katika maduka ya Kariakoo, na vilevile Luthuli Avenue kule Nairobi, zipo kompyuta zilizotumika katika ofisi za Ulaya kabla ya kufika huku, na miongoni mwake ni HP Compaq 8200 Elite na Dell OptiPlex 990, zote za mwaka 2011. Mteja amenunua moja yenye Core i3-2100, prosesa ya Intel yenye koa mbili (core, yaani vitengo vya kuchakata), na sasa anataka Core i7. Anapata Core i7-3770, ambayo ilitoka mwaka 2012. Soketi, yaani tundu la prosesa kwenye ubao, ni ileile LGA1155, vijinafasi vya pembeni vinalingana, kishikio kinafunga bila kulazimishwa, na mteja anabonyeza swichi akiwa na furaha. Feni zinazunguka, skrini inabaki giza.

Hapo hakuna kilichoharibika. Mashine hizo mbili zinatumia chipseti (chipu za ubao zinazounganisha prosesa na vipuri vingine) ya Q67. Intel ilipotoa prosesa za kizazi cha tatu, kama hiyo i7-3770, iliruhusu mbao nyingi za kizazi kilichotangulia, kwa mfano za chipseti ya H61, zizipokee baada ya kusasishwa BIOS, yaani programu ya ndani ya ubao inayoiwasha mashine, lakini ikaziacha nje chipseti tatu za ofisini, ambazo ni Q65, Q67 na B65. Kwa maneno mengine, ubao wa bei nafuu wa nyumbani unaweza kuikubali prosesa ambayo ubao wa ofisi kubwa unaikataa, na hakuna jambo lolote machoni pa fundi linaloashiria tofauti hiyo. Mteja huyu angechukua Core i7-2600, yenye koa nne na inayoingia katika soketi hiyohiyo, mashine yake ingewaka. Ndiyo maana nasisitiza kwamba prosesa kuingia kwenye soketi hakuthibitishi kitu. Kinachothibitisha ni orodha ya prosesa zinazokubalika, ambayo mtengenezaji wa ubao au wa kompyuta huitoa kwa kila modeli, pamoja na toleo la BIOS linalohitajika. Orodha hiyo husomwa kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Hata i7-2600 ina sharti lake. Ile i3 ilihesabiwa joto la wati 65, nayo hii wati 95, kwa hiyo kasha dogo kabisa lenye kipoza joto chembamba huenda lisiimudu. Na wale wanaopenda kuweka Xeon E3-1230, prosesa ya Intel ya seva, katika soketi hiyo wakumbuke kwamba prosesa hiyo haina sehemu ya grafiki ndani yake. Waya wa skrini ukibaki nyuma ya ubao mama, skrini haitaonyesha chochote, ingawa mashine inaweza kuwa imewaka kikamilifu. Hapo ni lazima pawe na kadi ya grafiki, na waya uchomekwe kwenye kadi.

Upande wa AMD, mshindani wa Intel, kisa chenyewe ni cha BIOS zaidi kuliko soketi. Soketi ya AM4 ilihudumia prosesa za Ryzen za vizazi kadhaa tangu mwaka 2017, na ubao wa B450 uliotoka kiwandani mwaka 2018 hauwezi kuifahamu Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 mpaka BIOS yake isasishwe. Mwezi Mei 2020 AMD ilitangaza kwanza kwamba mbao za aina hiyo hazitapata prosesa za mfululizo wa 5000, kisha mwezi huohuo ikabadili uamuzi baada ya watumiaji kulalamika. Sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa udogo wa chipu inayohifadhi BIOS, ambayo katika mbao nyingi ilikuwa ya megabaiti 16, na ndiyo maana baadhi ya matoleo mapya huondoa prosesa za zamani ili kupata nafasi ya mpya. Kwa hiyo sasisho hufanywa prosesa ya zamani ikiwa bado imo ndani, isipokuwa ubao una kitufe maalumu cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa. Nyongeza moja kwa sisi tunaoishi na umeme wa kukatika: kazi hiyo isifanywe bila UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika), kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, tatizo la prosesa linageuka kuwa tatizo la ubao.

Sasa tuseme mashine iko mezani na orodha inasema prosesa inakubalika. Chombo cha kwanza cha kupimia ni prosesa ya zamani, nami huwakataza mafundi wangu kuiuza siku hiyohiyo. Irudishwe. Ikiwaka, ubao, RAM na saplai ya umeme vimeondolewa lawama kwa sehemu kubwa, na tunarudi kwenye BIOS au prosesa mpya. Isipowaka, basi kuna kitu tulichokigusa.

Kabla ya kufungua tena, itazame taa ya mbele. Katika HP Compaq za aina niliyoitaja, taa nyekundu ikipepesa mara tatu kisha ikatulia, mashine inasema haioni prosesa, na mwongozo wa HP wenyewe unatahadharisha kwamba hiyo si dalili ya prosesa mbovu. Mara mbili ni joto, mara tano ni RAM, mara sita ni grafiki. Fundi asiyehesabu taa hizo anaanza kubahatisha.

Baada ya hapo ni kazi ya macho. Katika LGA1155 pini ziko kwenye ubao, nazo ni laini mno. Elekeza tochi kwa mshazari, na safu zote zing'ae kwa mwelekeo mmoja. Palipo na kivuli kisicho cha kawaida pana pini iliyopinda. Katika AM4 pini ziko kwenye prosesa, na hupinda zaidi pale kipoza joto kinapovutwa juu mafuta ya joto (yale yanayopakwa kati ya prosesa na kipoza) yakiwa yamekauka, kikaing'oa prosesa kutoka kwenye soketi iliyofungwa. Dawa yake ni kuiwasha mashine kwa muda ili mafuta yalegee, kuizima na kuchomoa umeme, kisha kuzungusha kipoza kidogo kabla ya kukinyanyua. Plagi ya volti 12 iliyo karibu na prosesa, yenye pini nne au nane, husahaulika kuliko kitu kingine chochote. Skrubu za kipoza zilizokazwa upande mmoja zinaweza kuinamisha prosesa hata nusu ya RAM isionekane. Zikazwe kwa kupishana.

Mashine ikiendelea kukaidi, chomoa umeme, toa betri ya CR2032 au tumia jampa (kijiunganishi kidogo cha pini kwenye ubao) ya kufuta mipangilio ya BIOS, acha kipande kimoja tu cha RAM, kisha iwashe na usubiri. Nasema usubiri kwa makusudi, kwa maana mashine mpya zenye RAM ya DDR5 zinaweza kukaa dakika kadhaa skrini ikiwa giza zikijirekebisha na RAM hiyo, na anayezizima katikati anazirudisha mwanzo.

Jambo la mwisho huja baada ya mashine kuwaka. Katika mbao nyingi za AMD, moduli ya usalama ya TPM, inayotunza funguo za siri, imo ndani ya prosesa, hivyo prosesa ikibadilika ubao huuliza kama ufunguo wa zamani ufutwe. Ukibonyeza Y huku diski ya mteja imefungwa kwa BitLocker (ulinzi wa Windows unaoisimba diski), Windows itadai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Mwulizeni mteja kama anao, na simamisheni BitLocker kwa muda, kabla ya kugusa skrubu ya kwanza.